Kutoka Interlaken hadi Jungfraujoch kwa Treni

Safari ya treni kutoka Interlaken hadi Jungfraujoch, katika milima ya Bern nchini Uswisi, huchukua kiasi cha saa mbili na kupita katika reli tatu zisizofanana. Huanzia mita 567 juu ya usawa wa bahari na kuishia mita 3,454, kwenye stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote barani Ulaya. Katikati kuna mto, bonde lenye maporomoko ya maji, kijiji kisichoingia magari, malisho ya ng'ombe, handaki refu ndani ya mlima, na mwishowe barafu. Abiria anayechungulia dirishani kwa makini hugundua kwamba treni inafuata maji kinyumenyume: inaanzia yanakotua na kuishia yanakotoka.

Interlaken umekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya ziwa la Thun na ziwa la Brienz, na mto Aare ndio unaoyaunganisha maziwa hayo. Ardhi yenyewe ni mchanga na kokoto zilizoletwa na vijito vya mlimani kwa maelfu ya miaka. Mji una hoteli kubwa za karne ya 19, maduka ya saa, na umati wa watalii unaotosha kumfanya mgeni atamani kuondoka mapema. Stesheni ziko mbili, West na Ost, na treni za milimani huondokea Ost peke yake. Wanaotoka Bern hupita West kwanza, na wengi hushuka hapo kwa kuona jina la mji tu.

Reli ya kwanza ni ya Berner Oberland, iliyofunguliwa mwaka 1890. Upana wake ni mita moja, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu na ile ya kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Sababu nazo zinakaribiana: reli nyembamba hukata kona kali kwa urahisi na gharama ya kuijenga ni ndogo. Mabehewa yake ya buluu na manjano yana madirisha makubwa, na mwendo ni wa taratibu. Wilderswil ni kituo cha kwanza, kisha bonde linabana, misonobari inasogea karibu na njia, na mto Lütschine unaanza kuonekana ukipiga kelele kando ya reli.

Zweilütschinen ni kituo kidogo, lakini huwapotosha wengi, maana hapo treni hukatwa vipande viwili. Mabehewa ya upande mmoja huenda Lauterbrunnen na ya upande mwingine Grindelwald. Kila behewa lina maandishi ya linakokwenda, na mwenye kuyasoma kabla ya kuketi hujiokoa na mbio za dakika ya mwisho akiwa amebeba mizigo. Hapo pia ndipo mito miwili ya Lütschine inapokutana, mmoja ukiitwa Mweupe na mwingine Mweusi. Rangi hizo hutokana na mawe. Barafu ya mlimani husaga miamba iliyo chini yake mpaka ikawa unga laini usiozama upesi, na unga huo ndio unaoyafanya maji ya Lütschine Mweupe yawe na weupe wa kijivu hata siku isiyo na mvua. Ule Mweusi hupitia miamba yenye rangi nzito zaidi. Anayekwenda Lauterbrunnen anaufuata Mweupe.

Dakika ishirini hivi baada ya kuondoka Interlaken, kuta za miamba husimama pande zote mbili. Bonde la Lauterbrunnen ni mfano ambao walimu wa jiografia huuchora ubaoni: sakafu tambarare, pande zilizosimama wima kwa mamia ya mita, umbo la herufi U. Bonde lililochimbwa na mto huwa na umbo la V, kwa kuwa mto hukata chini tu. Hili lilichimbwa na barafu nene iliyojaza bonde zima na kukwangua sakafu na kuta kwa pamoja. Vijibonde vya pembeni vilikuwa na barafu nyembamba isiyo na nguvu ya kuchimba kwa kina kile. Barafu ilipoyeyuka, vijibonde hivyo vilibaki vikining'inia juu, na vijito vyake havikuwa na njia nyingine ya kuteremka ila kuruka. Ndiyo maana bonde moja fupi linahesabiwa kuwa na maporomoko 72. Idadi hiyo hupanda na kushuka kwa msimu. Mwezi Juni theluji inapoyeyuka kwa kasi, kila ufa wa mwamba huwa na maji yake, na kufikia majira ya baridi, baadhi ya maporomoko hukauka au kuganda.

Maarufu kuliko yote ni Staubbach, yanayoonekana kutoka stesheni. Yana urefu wa mita 297, na jambo la kushangaza ni kwamba maji mengi hayafiki chini yakiwa mkondo. Kijito chenyewe si kikubwa. Kinaporuka kutoka ukingoni, upepo wa bondeni hukikamata katikati, ukakipasua vipande, ukakigeuza kuwa manyunyu yanayoyumba huku na huko mbele ya mwamba. Saa ya asubuhi, jua linapoanza kuingia bondeni, upinde wa mvua huonekana kwenye manyunyu hayo, kisha huondoka jua likihama. Wakati wa kiangazi kuna njia inayopanda hadi kwenye ujia uliochongwa nyuma ya maporomoko, na anayesimama hapo huona kijiji, kanisa lenye mnara mwembamba na makaburi yaliyopandwa maua, vyote kupitia pazia la maji. Johann Wolfgang von Goethe alifika hapa mwaka 1779, na shairi lake linalofananisha roho ya mwanadamu na maji lilizaliwa katika ziara hiyo.

Maporomoko ya Trümmelbach, kilomita chache kutoka kijijini kwa basi au kwa miguu kando ya mto, ni ya namna nyingine kabisa, na kwa kweli ndiyo yanayostahili kutengewa muda zaidi. Hayaonekani kutoka nje. Ni maporomoko kumi yaliyomo ndani ya mlima, moja juu ya jingine, katika mtaro ambao maji yamejichimbia yenyewe. Mgeni hupandishwa kwa lifti iliyo ndani ya mwamba, kisha hushuka au kupanda ngazi zenye maji, zilizowekwa vyuma vya kushikilia na taa. Kelele ni kubwa kiasi kwamba watu wawili waliosimama bega kwa bega huzungumza kwa ishara, na mwamba husikika ukitetemeka kwenye kiganja cha mkono. Kwenye kuta kuna mashimo ya duara, laini kama yaliyochongwa na fundi. Ni kazi ya mawe yaliyozungushwa na maji sehemu moja kwa muda mrefu. Trümmelbach peke yake huyapokea maji ya barafu ya upande huu wa vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau. Wakati wa wingi hupita hadi lita 20,000 kwa sekunde, na kwa mwaka maji hayo husomba tani zipatazo 20,000 za mawe na mchanga. Majira ya baridi mahali hapa hufungwa. Koti la mvua ni lazima, hata kama nje jua ni kali.

Lauterbrunnen ndipo reli ya pili inapoanza. Reli ya Wengernalp ilifunguliwa mwaka 1893, na upana wake ni sentimita 80 tu. Abiria huhama kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda mwingine, na tofauti huonekana mara moja katikati ya njia. Hapo, kati ya reli mbili za kawaida, kuna reli ya tatu yenye meno, na chini ya behewa kuna gurudumu la meno linaloingia humo. Gurudumu la chuma tupu juu ya reli ya chuma tupu huanza kuteleza mlima unapokuwa mkali. Meno huondoa tatizo hilo kwa kwenda juu, na muhimu zaidi, kwa kurudi chini. Niklaus Riggenbach, mhandisi aliyejenga reli ya meno ya kwanza ya Ulaya kwenye mlima Rigi mwaka 1871, ndiye aliyeleta mfumo ambao reli hii iliuanzia. Sehemu kali zaidi ya njia hupanda mita moja kwa kila mita nne za kwenda mbele. Reli nzima, kutoka Lauterbrunnen kupitia Kleine Scheidegg hadi Grindelwald, ina kilomita 19, na ndiyo njia ndefu kuliko zote duniani inayotumia meno bila kukatika.

Treni ikianza kupanda, Staubbach ambayo dakika chache zilizopita ilitazamwa kwa kuinua shingo huwa inatazamwa usawa wa macho, halafu kutoka juu. Bonde lote hujifunua hapo: sakafu ya kijani, mto, nyumba za mbao zenye mapaa mapana, na maporomoko yaliyopangana kwenye ukuta wa ng'ambo. Viti vya kulia wakati wa kupanda ndivyo vinavyogombewa mpaka Wengen.

Wengen uko mita 1,274. Hakuna barabara ya magari inayofika kijijini. Wenye magari huyaacha kwenye jengo la maegesho Lauterbrunnen. Unga, bia, saruji, masanduku ya wageni na hata takataka za kurudi bondeni, vyote husafiri kwa treni, na kijijini husambazwa kwa vigari vidogo vya umeme. Ukimya wake ni mzito, ukikatizwa na kengele za ng'ombe kuanzia Juni hadi Septemba. Kila Januari hali hubadilika, mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya Lauberhorn yanapofanyika. Yalianza mwaka 1930, na njia yake yenye urefu wa karibu kilomita nne na nusu ndiyo ndefu kuliko zote katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Wanamichezo hupita kwa kasi chini ya daraja la reli hiihii.

Juu ya Wengen miti hupungua na kwisha, yakabaki majani na mawe. Kleine Scheidegg, mita 2,061, si kijiji bali ni stesheni, hoteli moja ya zamani na migahawa, vyote vikiwa vimeketi chini ya vilele vitatu: Eiger wenye mita 3,967, Mönch uliopita kidogo mita 4,100, na Jungfrau wenye mita 4,158. Ukuta wa kaskazini wa Eiger uko karibu mno kiasi kwamba kivuli chake hufunika malisho kwa saa nyingi. Siku ya jua, milio mizito husikika kutoka upande wa Jungfrau. Ni mapande ya barafu yanayokatika na kuporomoka, na anayegeuka haraka huwahi kuona vumbi jeupe likishuka mwambani. Hapa kila abiria hushuka, awe anatoka Lauterbrunnen au Grindelwald, na anayeendelea juu huhamia treni nyekundu.

Reli hiyo ya tatu, ya Jungfrau, ina historia inayoizidi mandhari yake. Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda kutoka Zürich, alipata wazo hilo mwaka 1893 akiwa matembezini milimani. Aliona treni za Wengernalp, akaona vilele juu yake, akachora mstari unaopita ndani ya Eiger na Mönch. Alitaka kufika kileleni penyewe mwa Jungfrau, hatua ya mwisho ikiwa lifti. Ujenzi ulianza Julai 1896, mwaka uleule ambao reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka Mombasa. Ile ya Mombasa ilifika ziwa Viktoria mwaka 1901 baada ya kilomita zaidi ya 900. Hii ya Jungfrau, yenye kilomita 9.3 tu, ilichukua miaka 16.

Kilichochelewesha ni mwamba. Zaidi ya kilomita saba za njia zimo ndani ya handaki, na handaki hilo lilichimbwa kwa nyundo, mashine za kutoboa na baruti, na vibarua ambao wengi wao walitoka Italia. Waliishi Eigergletscher, ukingoni mwa barafu, katika kambi iliyotengwa na bonde miezi yote ya theluji. Vyakula viliingizwa kabla ya baridi kuanza, na vilivyopungua viliburutwa kwa mbwa kutoka Wengen. Maji ya kunywa yalipatikana kwa kuyeyusha theluji kwa umeme. Waligoma mara kadhaa. Watu 30 walikufa, na majina yao yamewekwa ukutani kule juu, kwenye ujia ambao watalii wengi huupita bila kusimama. Guyer-Zeller mwenyewe alifariki mwaka 1899 bila kuona hata nusu ya handaki. Mwaka 1908 ghala lenye tani zipatazo 30 za baruti lililipuka karibu na kituo cha Eigerwand. Fedha zilipoadimika, reli ilikuwa ikifungua kituo kimoja kimoja ili nauli za wageni zichangie kilichobaki: Eigergletscher mwaka 1898, Eigerwand mwaka 1903, Eismeer mwaka 1905. Jungfraujoch ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1912, siku ya taifa la Uswisi. Kilele kiliachwa.

Jambo moja Guyer-Zeller aliliona mbali. Enzi hizo treni nyingi zilikuwa za makaa ya mawe, naye alijua kwamba moshi ndani ya handaki la namna hiyo ungewaua abiria. Reli ilitumia umeme tangu siku ya kwanza, na umeme huo ulitoka kwenye mitambo iliyojengwa juu ya mto Lütschine bondeni. Kwa hiyo maji yanayoshuka kutoka kwenye barafu ndiyo yaliyoipandisha treni kuirudia barafu hiyo. Treni zinazoshuka nazo hurudisha umeme kwenye waya, kwa kuwa mota zake hugeuka kuwa mashine za kufua umeme wakati wa kufunga breki.

Ndani ya handaki hakuna cha kutazama ila mwamba mweusi unaopita dirishani, na hilo huwavunja moyo waliolipia mandhari. Eigerwand, kituo chenye madirisha yaliyotobolewa katikati ya ukuta wa kaskazini, treni hazisimami tena tangu mwishoni mwa 2016. Matundu ya handaki katika ukuta huo, yaliyotumika kumwagia kifusi, yana kisa chake. Julai 1936 wapandaji wanne walikwama kwenye ukuta huo. Watatu walikufa, na wa nne, Toni Kurz, alifia kwenye kamba mita chache tu kutoka kwa waokoaji waliotokea kupitia handaki la reli. Ukuta ulishindwa kwa mara ya kwanza Julai 1938, na Waaustria wawili na Wajerumani wawili. Siku hizi treni husimama Eismeer kwa dakika tano, na abiria hukimbilia kwenye vioo vinavyotazama barafu iliyopasukapasuka upande wa kusini mwa Eiger.

Jungfraujoch ni mwanya kati ya Mönch na Jungfrau. Hewa huwa na msukumo wa karibu theluthi mbili tu ya ule wa pwani, na hilo si la kupuuzwa. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kabla ya kuendelea Horombo, mita 3,720. Mwili hupewa siku nzima kuzoea kila hatua. Treni hii humfikisha mtu kati ya vituo hivyo viwili baada ya saa mbili tu kutoka ziwani. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ni ya kawaida. Kutembea taratibu na kunywa maji husaidia, na wenye matatizo ya moyo hushauriwa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi.

Lifti hupandisha wageni mita 108 kwa sekunde 25 hadi Sphinx, kwenye mita 3,571, palipo na kituo cha uchunguzi ambacho wanasayansi hupimia hali ya hewa ya dunia mbali na moshi wa miji. Chini yake kuna vyumba vilivyochongwa ndani ya barafu mwaka 1934 na waongozaji wa milimani. Sakafu yake ni barafu, kuta ni barafu, na joto la miili ya wageni ni kubwa kiasi kwamba pasipo mashine za kupoza vyumba hivyo vingeyeyuka. Maduka ya chokoleti na saa yaliyojaa jengo hilo yangeweza kupungua bila hasara kwa mtu yeyote.

Kutoka Sphinx, upande wa kusini, barafu ya Aletsch hushuka kwa kilomita zipatazo 20, ikiwa kubwa kuliko zote katika Alps. Mistari myeusi ya mawe iliyoichora kwa urefu huonyesha mahali barafu tofauti zilipoungana. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Maji yake huingia mto Rhône na kuishia bahari ya Mediterania, ilhali ya upande wa kaskazini hupitia Lütschine, Aare na Rhine hadi Bahari ya Kaskazini. Theluji mbili zilizoangukia mwanya mmoja huishia bahari mbili.

Kurudi, wengi hushukia Grindelwald, kwa reli kupitia Kleine Scheidegg au kwa vyumba vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya kutoka Eigergletscher, vilivyoanza kazi Desemba 2020 na kutumia dakika 15. Reli ni ya polepole na ndiyo bora kwa asiye na haraka. Katikati ya karne ya 19 ndimi za barafu zilifika sakafuni mwa bonde la Grindelwald, karibu na nyumba. Leo hazionekani hapo. Zimerudi nyuma juu ya makorongo zilizoyachimba, na Aletsch nayo hupungua kila mwaka.

Nauli ya hatua ya mwisho, Kleine Scheidegg hadi Jungfraujoch, ndiyo ghali kuliko zote, na mawingu hayarudishi fedha. Stesheni ya Interlaken Ost huonyesha picha za moja kwa moja kutoka juu, na mwenye busara huzitazama kabla ya kukaribia dirisha la tiketi. Zikionyesha weupe mtupu, akate tiketi ya Lauterbrunnen na Wengen tu, na siku yake aimalizie Trümmelbach.